Mistari Miwili Chini ya Kidole

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa, Fundi Randa alichemsha maji. Alimwosha mkewe uso, akambadilishia shuka, akamnywesha chai kwa kijiko. Kisha alifungua mlango wa mbele, akaanza kazi ya useremala. Watu wa mtaa walimpa jina hilo kwa sababu ya sauti ya randa yake juu ya mbao. Shwaa, shwaa, toka asubuhi mpaka jioni. Alitengeneza vitanda, milango na meza. Alitengeneza na majeneza, maana watu hawaachi kufa.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Chumba cha nyuma ndimo walimolala. Humo mkewe alilala juu ya kitanda ambacho Fundi mwenyewe alikitengeneza walipooana. Alikuwa na uvimbe tumboni. Mwili wote ulikuwa umekwisha, tumbo peke yake ndilo lililobaki kubwa. Daktari alikuwa amemwambia Fundi, "Mrudishe nyumbani. Mpe dawa ya maumivu. Kaa naye karibu."

Kukaa naye karibu ndiko kulikomshinda. Kazi za mikono aliziweza. Alifua, alipika, alimgeuza ubavu. Lakini kila jioni mkewe aliomba jambo moja.

"Baba watoto, nisomee."

Macho ya mama yule hayakuona tena herufi. Biblia yao ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

"Kesho, mke wangu. Leo nimechoka."

"Jana pia ulisema kesho."

"Basi, kesho."

Akatoka, akarudi kwenye mbao zake. Mama akabaki anatazama kabati. Alijua siku zake zinakwisha. Alitaka kusikia Neno la Mungu kutoka kinywani mwa mumewe kabla hajafa. Hakutaka kitu kingine. Na mumewe alimnyima.

Sasa mtaniuliza, mtu mzima, Mkristo, tena mwimba besi kanisani, anaogopaje kitabu? Ngojeni niwaambie.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Biblia haikusomwa siku za kawaida. Ilingoja mambo mazito. Likija jambo, Fundi alifumba macho, akafungua kurasa popote, akashusha kidole cha shahada. Mstari ulioguswa ndio uliokuwa jibu. Walikuita kupiga kidole. Majirani nao walikuja. "Fundi, tupigie kidole, tunataka kuhama." Naye alipiga, akawasomea, wakaenda zao na furaha.

Wakati mwingine mambo yaligoma. Mara moja aliuliza kama anunue mbuzi. Kidole kikaangukia majina ya watu, fulani alimzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Fundi akasema, "Naam! Mbuzi atazaa sana." Akamnunua. Mbuzi akafa kabla ya kuzaa hata mmoja. Mtaa mzima ulicheka, na yeye alicheka. Ya mbuzi yalichekesha.

Yaliyofuata hayakuchekesha mtu. Tumbo la mkewe lilianza kuuma. Walikwenda hospitali, daktari akapima, akasema, "Kuna uvimbe. Bado ni mdogo. Mama apasuliwe haraka, utolewe." Fundi alirudi nyumbani. Alifumba macho, akapiga kidole. Kikaangukia kitabu cha Wafalme, mahali ambapo Mungu anamwambia mfalme mmoja mgonjwa kwamba ameyaona machozi yake, naye atamponya.

Fundi aliruka. "Mke wangu, umepona! Hakuna haja ya kisu!"

Hawakurudi hospitali. Jamani! Hapa hata mimi ninayesimulia hasira hunipanda. Daktari alimtuma mtu kuwaita, wakamjibu kwamba Mungu ameshasema. Waliimba. Uvimbe nao ulikua kimya kimya. Siku mama alipoanguka jikoni, ndipo walipomrudisha. Daktari alipima, akavua miwani, akakaa chini. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Tangu siku ile Fundi aliifunika Biblia kwa kitambaa.

Jirani yao alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Pasi. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Aliipenda familia ile. Kila baada ya siku chache alichukua shuka za mgonjwa, akazipiga pasi bila malipo, akazileta zikiwa bado na joto. Jioni moja alifika mlangoni, akasikia.

"Nisomee, baba watoto."

"Kesho."

Mama Pasi aliweka shuka mezani. Akamfuata Fundi karakanani.

"Shemeji, hiyo kesho yako haina mwisho? Mwenzio anakufa."

"Nyamaza, shemeji."

"Sinyamazi. Anakuomba kusomewa tu, na wewe unajificha nyuma ya mbao."

Fundi alitupa randa chini. "Nimsomee nini? Uongo? Mungu alisema atamponya. Nilisoma kwa macho yangu! Mwangalie alivyo sasa. Mungu amenidanganya mbele ya mtaa mzima."

Mama Pasi alivuta kigoda, akaketi. "Alimwambia nani kwamba atamponya?"

"Si mimi?"

"Wewe ni mfalme?"

Fundi akainama, akaokota randa.

"Shemeji, ukipita njiani ukasikia mtu anamwambia mwanawe, 'Njoo uchukue ng'ombe wako,' utakwenda na wewe kudai ng'ombe? Yale maneno yalikuwa na mwenyewe, na siku yake. Haya, niambie, baada ya pale panasemaje?"

"Baada ya wapi?"

"Baada ya ule mstari. Mbele yake."

"Sijui. Kidole kiliishia pale."

"Sikuulizi habari za kidole. Nakuuliza wewe. Ukiniletea shati, nikalipiga pasi mfuko tu, nikakurudishia, utalivaa? Utanitukana! Lakini Neno la Mungu umelichukua mfuko tu, ukasema umevaa shati."

Toka ndani ikasikika sauti ya mgonjwa. Ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. "Mlete aje asome hapo hapo. Pale kidole kilipoangukia. Na mimi nataka kujua panasemaje."

Fundi alitazama mlango. Mama Pasi hakumshika mkono wala hakumsukuma. Alikaa tu, akimngoja. Mwishowe Fundi aliingia chumbani, akaondoa kitambaa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuwa msomaji hodari. Aliweka kidole chini ya maneno, akakisogeza polepole.

Alisoma jinsi mfalme alivyougua karibu na kufa. Alisoma jinsi alivyogeukia ukuta akalia. Akaufikia mstari ule. Akainua kidole.

"Endelea," mkewe akasema.

Akasoma mstari uliofuata, mfalme akiongezewa miaka. Akasoma na wa pili. Hapo nabii anawaambia watu walete tini, matunda ya mti, wayafanye bonge. Wakalileta, wakaliweka juu ya jipu la mfalme, naye akapata nafuu.

Fundi aliacha kusoma. Akasoma tena kwa midomo bila sauti.

"Walimtia dawa," akasema.

Akarudisha kidole juu ya maneno yale.

"Mungu alisema atamponya, na bado walimtia dawa! Ilikuwa hapa. Mistari miwili. Mistari miwili tu chini ya kidole changu." Akafunga macho. "Mke wangu, Mungu hakudanganya. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuua."

Akalia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na Mama Pasi akageuza uso.

Mkewe alingoja kilio kipungue. Kusema kulimtaabisha, kwa hiyo alisema kidogo kidogo. "Hata mimi nilifurahi siku ile. Niliogopa kisu. Uliposema nimepona, sikukuuliza kitu. Nilikuwa na macho bado. Ningeweza kusoma mwenyewe mistari miwili. Sikusoma."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Nilichokuwa sijakusamehe ni hii kesho yako. Unanifanya nife peke yangu, nawe upo."

Maneno yale yalimchoma kuliko yote. Alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao.

"Nianzie wapi?" akauliza.

Mama Pasi akageuka. "Sasa umeuliza swali. Chagueni kitabu kimoja, mwanze mwanzo."

"Chagueni kifupi," mgonjwa akasema, na midomo yake ikajaribu kucheka. "Nisije nikafia njiani."

Wakachagua Injili ya Marko. Mama Pasi akawaeleza namna. "Kila siku kipande kidogo, saa ile ile. Soma kwa sauti, kisha rudia. Ukimaliza, usikimbilie kusema amina. Ulizaneni. Hapa nani anasema, na anamwambia nani? Nini kimetangulia, nini kinafuata? Mungu ameonekana yukoje hapa? Halafu jiulize, leo mimi nifanye nini kwa sababu ya maneno haya. Baada ya hapo mwambieni Mungu yaliyo moyoni."

"Hata kama moyoni nina hasira naye?"

"Utamficha? Zaburi zimejaa watu wanaomlilia, wanamwuliza amewasahau mpaka lini. Mwambie."

"Na siku nisiposikia kitu chochote?"

"Chakula, shemeji, kila siku unakisikia utamu? Siku nyingine unameza tu. Lakini mwili unasimama. Haba na haba hujaza kibaba."

Basi wakaanza. Kila jioni Fundi aliweka randa chini, akanawa mikono, akasoma. Alama yao ilikuwa kipande cha maranda, chembamba na kilichojikunja, alichokiokota chini ya meza ya kazi. Jioni ya kwanza sala yake ilikuwa fupi. "Mungu, nimekasirika. Nimejikasirikia mimi, na wewe pia. Sijui niseme nini tena. Amina." Mkewe alisema, "Amina," akamshika kidole kile cha shahada, akalala nacho mkononi.

Msidhani alipona. Hakupona. Maumivu yalizidi. Siku nyingine alipiga kelele mpaka majirani wakafunga madirisha, na Fundi alimpa dawa ya daktari kwanza, ndipo akasoma. Siku nyingine hakusikia hata neno, Fundi akasoma hivyo hivyo. Lakini hakuna aliyesema kesho tena katika nyumba ile. Waliposoma juu ya upepo baharini na Yesu amelala chomboni, mama aliuliza, "Alikuwemo?"

"Alikuwemo."

"Ingawa walikuwa wanazama?"

"Alikuwemo humo humo."

Mama akafumba macho. "Hilo linanitosha leo."

Walifika mahali ambapo Yesu amekufa, amewekwa kaburini, na jiwe limevingirishwa mlangoni. Fundi alitaka kuendelea, kwa kuwa ilibaki sura moja tu. Mkewe akasema, "Hapana. Kipande kidogo. Hiyo ni ya kesho." Fundi akaweka maranda katikati ya kurasa. Mkewe alikufa alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Watu walimwomba aache, akakataa. Mtaa ulisikia randa mchana kutwa, na hakuna aliyethubutu kuingia.

Asubuhi baada ya mazishi, Fundi alichemsha maji kwa mazoea. Alijaza vikombe viwili, akakitazama cha pili, akakimwaga. Akachukua Biblia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu. Moyo wake haukutaka. Kichwa kilimwambia, msikilizaji hayupo, unamsomea nani? Alikuwa ameshika maranda mkononi wakati mlango ulipogongwa kwa nguvu.

Alikuwa muuza mkaa, kijana aliyekaa mwisho wa mtaa. Mtoto wake alikuwa begani, amelegea, macho yamegeuka.

"Mzee, samahani, najua una msiba. Homa imempanda toka jana, sasa amepata degedege. Nipigie kidole, nijue kama atapona!"

Fundi alikitazama kidole chake. Lo! Alikichukia.

"Sipigi kidole tena. Hospitali, sasa hivi!"

"Lakini mzee, Mungu..."

"Mungu ndiye aliyeagiza tini!" Kijana hakuelewa, wala Fundi hakumweleza. Alimnyang'anya mtoto, akaweka Biblia kwapani, wakatoka mbio hata mlango hawakufunga.

Hospitalini mtoto aliingizwa ndani. Wao wakabaki kwenye benchi la ukutani. Kijana aliinuka, akaketi, akainuka tena.

"Tufanye nini sasa, mzee?"

"Tungoje. Na tusome. Kipande changu cha leo sijakisoma."

Alifungua penye alama. Kidole kikaenda polepole chini ya maneno. Wanawake watatu wanakwenda kaburini asubuhi na mapema. Njiani wanaulizana nani atawavingirishia lile jiwe, maana ni kubwa mno. Fundi aliishia hapo. Machozi yakaanguka juu ya ukurasa.

"Wakapata mtu?" kijana akauliza.

"Ngoja. Tusiruke."

Mlango wa chumba cha matibabu ukafunguliwa. Daktari alikuwa yule yule. Alimtazama Fundi, akamtambua, kisha akamgeukia kijana.

"Mtoto ataishi," akasema. "Mmewahi."

Kijana alipiga magoti sakafuni akilia. Fundi hakuinuka. Neno lile, "mmewahi," alikuwa amelihitaji siku nyingine, katika benchi hili hili, kwa ajili ya mtu mwingine. Lilimuuma, na alimshukuru Mungu kwa maumivu yale yale. Alipangusa ukurasa kwa kiganja, akamngoja kijana anyamaze.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema. "Bado hatujamaliza."

Akarudisha kidole chini ya mstari alioachia, akaendelea kusoma kwa sauti.