Matabishi ya Solange

TANGAZO RASMI KWA WAHESHIMIWA WAGENI WOTE WA HOTELI HII

Kifungu cha kwanza: matabishi (bakshishi) yanayoachwa mezani au chini ya sahani ni ya wafanyakazi wote. Yatatiwa ndani ya kopo na kugawanywa kila Jumamosi.

Kifungu cha pili: mhudumu wa meza ana pointi tatu, mpishi tatu, sentineli wa mlangoni moja, mfua mashuka nusu.

Kifungu cha tatu: bahasha yenye jina ni ya mwenye jina. Asiiguse mtu mwingine.

Butembo, 2001. Uongozi.

Uongozi ulikuwa mimi, Rébecca, miaka kumi na sita, soksi moja imetoboka. Lise yetu ya masista ilikuwa imefungwa tangu askari walipolala kwenye vitanda vyetu na kupikia madawati, kwa hiyo nilitumwa kwa mama yangu mkubwa, Mama Marie-Jeanne, mwenye hoteli. Aliniambia niandike tangazo zuri, kwa kuwa ndiyo kazi pekee niliyosomea. Vifungu viwili vya kwanza alinitamkia yeye. Cha tatu nilikiongeza mwenyewe, kwa wino wa zambarau nilioutoa lise bila lise kujua. Niliona aibu kubandika ukutani tangazo lenye vifungu viwili tu.

Wiki tano baadaye, siku ya Alhamisi, kifungu cha tatu kilikuja kunitafuta jikoni. Kililetwa na Jacob.

Jacob alikuwa mhudumu wa meza na mchumba wa Solange, mfua mashuka wetu. Alifunga mlango, akakaa juu ya gunia la makaa.

— Rébecca, weye unajua Kifaransa ya kweli. Niandikie barua.

— Ya kwenda kwa nani, yaya Jacob? nilimuuliza, kwa kuwa kwetu mkubwa wako, kaka au dada, ni yaya.

— Kwa Commandant Elikia.

Nilikuwa nachagua maharagwe. Niliacha kuchagua.

— Unataka kumwambia nini?

— "Mon Commandant, kwa heshima yote, Solange eko na mwenyewe." Kisha unatia ile maneno marefu ya kumaliza barua.

Alitoa bahasha tatu mfukoni, akazipanga juu ya goti lake. Kila moja ilikuwa na maneno yale yale ya zambarau: *Kwa Solange, mikono inayochekesha mashuka.* Chini yake, nyota moja. Nyota kama ile ya begani kwa Commandant.

— Nimezikuta chini ya beseni yake. Zote ni tupu. Ile pesa amekula.

— Ulimuuliza?

— Nimuulize nini? Mutu akikula, anasemaka amekula?

— Anaweza kukuambia ukweli.

— Commandant anakuya hapa kila wiki, anakula, anaacha matabishi chini ya sahani. Miye mwenyewe nilikuwa naokota na kutia ndani ya kopo. Sasa ni wiki tatu chini ya sahani hakuna kitu. Donc pesa inapita wapi? Inapita ndani ya bahasha.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa jambo moja. Mwenye kutoa pesa chini ya sahani, kuzitia ndani ya bahasha na kuiacha kati ya mashuka ya kufua nilikuwa mimi.

Mbele ya wasomaji najitetea hivi. Solange alikuwa anafua mashuka ya maofisa na wafanyabiashara tangu asubuhi hadi vidole vinakunjamana, na kwa kuwa hakuna mgeni anayeuona uso wake, anapata nusu pointi. Jacob naye alikuwa amemchumbia miaka miwili bila kuleta mbuzi hata mmoja. Nilifikiri bahasha moja ndogo itamwongezea Solange kidogo, na itamwongezea Jacob mbio. Na kweli, ingawa sikujua kama ameiona, baada ya bahasha ya pili Jacob alituma habari kwa baba yake kule Kasugho. Nilijiona mwenye akili sana. Ndiyo sababu niliandika ya tatu.

— Jumamosi, siku ya posho, baba anafika, alisema Jacob. Mbuzi kumi na mbili, ziko tayari njiani. Nitamwambia nini? Nilipe mbuzi juu ya mwanamuke wa Commandant?

— Subiri kidogo kwanza.

— Hapana. Kama huandike barua, nitasema na kinywa. Kesho saa kumi na moja ya asubuhi kuna pickup ya Beni. Commandant eko kule, kwenye état-major, pale makao ya jeshi. Nitamuuliza uso kwa uso.

— Yaya Jacob, yule ni askari.

— Ni mutu kama miye.

— Weye uko na sinia mkononi. Yeye eko na batu mia mbili na bunduki.

Wote wawili tulikuwa tunamjua mwalimu mmoja aliyeuliza swali dogo tu kwenye barriere, kizuizi cha askari barabarani, mwezi uliopita. Alirudishwa kwao na watu wanne, bila viatu, bila meno ya mbele. Tena yule hakuuliza habari za mwanamke.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki:

— Mvua itanyesha. Barabara itakuwa na matope.

— Nitavaa bottes ya mvua, alisema Jacob, akaondoka.

Asubuhi sahani zake zilikuwa hazijapangwa. Nilikimbia hadi kwenye foni.

Miaka ile hatukuwa na simu za mkononi. Tulikuwa na foni, redio kubwa yenye kipaza sauti cha kushikwa. Unabonyeza kifungo, unasema, unamaliza na "à vous", kisha unaachilia ili mwenzako ajibu. Watu wote walioketi kwenye benchi wanasikia. Hata mwenye redio yake kule Eringeti au Lubero anasikia, kama hana kazi nyingine. Mapenzi mengi ya Butembo yalipita hapo, na yote tulikuwa tunayajua.

Mwenye foni aliitwa Malachie.

— Papa Malachie, niitie Beni. Ile foni ya pale parking. Kuna mutu anashuka kwenye pickup, anaitwa Jacob, amevaa bottes. Wamshike.

— Wamshike juu ya nini? Ameiba?

— Bado.

Malachie aliniangalia, akaita. "Beni, Beni, Butembo anakuita. À vous." Redio ilikoroma. Tulisubiri. Benchi lilikuwa na watu sita, mmoja ana kuku. Nilihesabu: pickup ilitoka saa kumi na moja, sasa ni saa mbili na nusu. Kutoka parking hadi état-major ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Kama alikuwa ameshapita, hakuna foni ya kumfikia tena.

— Butembo, huyu mutu wa bottes eko hapa, amekasirika. Ninamupatia. À vous.

— Nani ananitafuta? ilisema sauti ya Jacob. À vous.

Nilibonyeza kifungo.

— Ni Rébecca. Usiende kule unakwenda. Solange ni mugonjwa sana. Rudi. À vous.

— Anaumwa nini? À vous.

— Malaria. Imepanda kwenye kichwa. À vous.

— Jana saa kumi alikuwa anaimba pale kwenye kamba ya mashuka. À vous.

— Huyu mutoto anadanganya, alisema mwenye kuku.

— Anadanganya, sauti nyingine ilikubali nyuma yangu. Miye siko na malaria.

Niligeuka. Solange alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Mpishi alikuwa amemwambia kwamba Jacob amekwenda Beni na mimi nimekimbilia kwenye foni. Mkononi alishika blauzi yangu ya lise, bado inadondosha maji. Alikunjua mkono wa blauzi, akaniwekea mbele ya macho. Kwenye pindo palikuwa na madoa matatu ya zambarau, moja limefifia sana, la pili kidogo, la tatu jipya.

— Nimefua hii blauzi kila wiki, alisema. Doa ya kwanza, nikasema ni mutoto wa masomo. Ya pili, nikasema tena ni masomo. Mais lise imefungwa, Rébecca. Unaandika nini?

Kidole changu kilikuwa kimebonyeza kifungo tena.

— Sema ama achilia, alisema Malachie. Unakula courant ya redio yangu.

Nilisema. Nilisema haraka, kama mtu anayekunywa kinini.

— Jacob, bahasha ni miye. Zote tatu. Commandant hajui kitu. Pesa niliitoa chini ya sahani yake mbele hujaondoa vyombo. Nyota nilichora miye. Ilikuwa kucheka tu. À vous.

Redio ilikoroma. Hakuna aliyecheka. Mwenye kuku alisogea karibu na redio.

— Rudilia, ilisema sauti ya Jacob, pole pole. À vous.

Nilirudilia. Nilipofika kwenye nyota, Solange alininyang'anya kipaza sauti.

— Jacob, ni miye. Wiki tatu silale kwenye chumba ya hoteli, ninalala kwa shangazi. Unajua sababu? Gari ikisimama, ninasema ni Commandant, ametuma batu kunichukua. Nitamwambia hapana, na kesho yake banakuua weye. Ndiyo nilinyamaza. À vous.

Kusema kweli, hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mimi nilikuwa nimeandika mzaha. Yeye alikuwa amesoma amri.

— Na ile pesa? À vous.

— Ile pesa nilitia ndani ya kopo, siku ile ile, yote, mpishi akiangalia. Sikula hata franc moja. Ungeniuliza, ningekuambia. Mais ulipanda pickup, umwulize mutu wa bunduki mbele ya kuniuliza miye. À vous.

Kisha sauti tusiyoijua iliingia, nzito, yenye lafudhi ya Kilingala.

— Allô, Butembo. Hapa ni garde du corps, mulinzi ya Commandant Elikia. Nimekuya kuita mama yangu, ninasubiri zamu. Nimesikia yote. Nani anatumia nyota ya Commandant? À vous.

Malachie aliondoa mkono wake kwenye meza. Mwenye kuku alisimama na kuondoka, akasahau hata kilichomleta. Solange alinishika bega, na sikujua ananishika au anajishikilia. Kule Beni, Jacob alikuwa amesimama karibu kabisa na mwenye sauti ile. Swali lilikuwa langu, lakini kama singejibu mimi, wangemuuliza yeye, kwa njia yao.

Nilichukua kipaza sauti.

— Ni miye, papa. Rébecca, wa darasa la nne, lise ya masista. Huyu mutu wa bottes hana kosa. Solange hana kosa. Commandant hana kosa. À vous.

Redio ilikoroma muda mrefu sana. Niliweza kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye blauzi yangu.

— Commandant anaacha ile pesa juu ya utamu ya maharagi, ilisema sauti mwishoni. Anapenda ile maharagi yenu. Mwana na ngai, usichore tena nyota ya mutu. Likambo te. Huyu wa bottes arudi kwao. À vous.

"Mwana na ngai" maana yake mwanangu, na "likambo te" ni hakuna neno. Malachie alizima mashine hata hivyo, na ilimchukua mara tatu kukipata kifungo.

Nilipofika hotelini, habari zilikuwa zimenitangulia. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amezisikia kwenye redio yake na kumsimulia Mama Marie-Jeanne kabla hata ya salamu. Mama hakunipiga. Alinionyesha beseni. Wiki sita, mashuka, pamoja na Solange, kwa nusu pointi.

Jacob alirudi saa tisa, bottes mkononi, miguu imejaa matope. Alimkuta Solange kwenye kamba.

— Nisamehe.

— Umekosa wapi? Sema mwenyewe.

— Sikukuuliza.

— Sema tena.

— Sikukuuliza, Solange. Niliogopa jibu kuliko Commandant.

Solange aliendelea kukamua shuka. Nilikuwa nimeshika upande wa pili, kwa hiyo sikuweza kuondoka kwa adabu.

— Ntakupatia pointi moja yangu, alisema Jacob. Kila wiki.

— Pointi yako ukae nayo. Miye nataka yangu. Mwambie Mama, weye na mpishi, mbele ya bote. Kisha mbuzi ziingie.

Jumamosi wakati wa kugawa kopo, Jacob alisema, mpishi akasema, na mfua mashuka akapata pointi mbili. Mbuzi waliingia jioni. Walikuwa kumi na mmoja, wa kumi na mbili alibaki kwenye barriere. Baba yake Jacob aliomba radhi, na upande wa Solange ulikubali kwamba barriere nayo imekula harusi.

Walifunga ndoa parokiani mwezi wa nane. Kwenye karamu, Solange alipoinua sahani yake, chini yake palikuwa na bahasha yenye jina lake, imegundishwa kwa bugali. Ukumbi mzima ulinigeukia. Niliangalia dari kwa uchaji mkubwa.

— Si miye, nilisema.

Solange hakubishana. Alinyoosha mkono juu ya meza, akakunja mkono wa blauzi yangu mpya. Pindo lilikuwa na doa moja, la zambarau.

— Ndiyo, nilisema. Ni miye. Mais hii hakuna nyota, yaya. Na pesa ya ndani si ya mutu mwingine. Ni wiki sita zangu za nusu pointi.