Kitambaa Kikavu cha Ndaki

Kitambaa kilikuwa kikavu. Nilimfunga mwanangu Ndaki nepi hiyo asubuhi, na nilipomfungua mchana niliporudi shambani, ilikuwa kavu vilevile. Wala hakulia. Alikuwa na miezi mitatu.

Tulikuwa tunavuna pamba, hapa Songwa. Ndaki alibaki nyumbani na mama mkwe. Kwetu husemwa kwamba maziwa ya mama aliyeshinda juani yamechacha. Kwa hiyo kila jioni niliyakamua chini. Mtoto nikampa maziwa ya kopo. Nilichanganya mwenyewe alfajiri, nikaacha chupa. Matiti yangu yakaanza kukauka. Kisha makopo yakaadimika. Kishapu hakuna, Shinyanga mjini hakuna.

Siku ile ya kitambaa tulikimbilia hospitali kwa bodaboda mbili. Tulipofika, mume wangu Enock akamgeukia mama yake.

"Mayu, umempa mtoto uji?"

"Mimi? Nimelea watoto saba, Enock!"

"Saba, ukazika wawili."

Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Mimi sikumtetea.

Nesi Febronia alimpima Ndaki. Alikuwa amepungua sana.

"Kopo ulichanganyaje?" aliniuliza.

"Kama lilivyoandikwa," nilijibu, naangalia sakafu.

"Wengine huongeza maji ili lisiishe haraka. Tumbo linajaa, lakini mtoto anakufa njaa. Na chupa ikikaa kutwa kwenye joto, inaleta kuhara. Maziwa yako je?"

"Yamechacha. Nilishinda juani."

"Ng'ombe wa Kishapu wanashinda wapi, chumbani? Mbona jioni mnakunywa maziwa yao?"

Mama wa kitanda cha pili akacheka. Nesi hakucheka.

"Maziwa hayachachi ndani ya titi. Yanapungua kwa sababu mtoto hanyonyi. Mnyonyeshe kila baada ya saa mbili, hata usiku. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Yatarudi."

Tulilazwa siku tisa. Mwanzoni Ndaki alinyonya, akakosa, akalia. Baada ya kunyonya, nesi alimwongezea maziwa kwa kikombe safi, kwa kipimo. Siku baada ya siku kipimo kikapunguzwa, maana yangu yalikuwa yanaongezeka.

Siku ya kuondoka nesi alisema, "Asipewe uji, maji wala maziwa ya ng'ombe mpaka afike miezi sita. Akikojoa mara sita kwa siku, ameshiba. Kitambaa kikikauka, njoo siku hiyohiyo."

Sasa shambani naenda na Ndaki mgongoni. Mama mkwe hamshiki tena. "Nisije nikasingiziwa," anasema.

Jana nilianika vitambaa saba. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, anachambua pamba. Ndaki alimnyooshea mikono. Yeye akageuza uso.

Nikapiga magoti mbele yake.

"Mayu, hukumpa uji. Kijiko kimoja cha maziwa nilikitilia maji yanayostahili vijiko vitatu, ili kopo lisiishe. Ni mimi."