Tone la Wazee

Chupa ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Gerishom, na bado wiski ilikuwa inapungua. Sasa niambie, hapo nani hangeshuku?

Haikuwa wiski ya kila mtu. Ilitoka Skotlandi, ya shayiri tupu, ikalazwa miaka mingi kwenye mapipa yaliyowahi kubeba divai nyekundu, ndiyo maana rangi yake ilikaribia ya damu na harufu yake ilikuwa ya zabibu na mbao. Mwaka huo wa 2006, baa ya ile hoteli ndogo ya Muraqqabat, Dubai, ilikuwa nayo moja tu, na meneja, ambaye wote walimwita sir, aliitunza kuliko alivyowatunza wafanyakazi.

Gerishom, Mluhya wa Vihiga huko Kenya, ndiye aliyeshika kaunta. Siku alipoifungua chupa ile, mgeni akiwa anaangalia pembeni, alidondosha tone moja kwenye zulia na kunong'ona, "Wazee, kunyweni kwanza." Babake alifanya hivyo kwa busaa, pombe ya kwao, maisha yake yote. Hakuona ubaya, na kusema kweli alijisikia vizuri, kama mtu aliyepiga simu nyumbani. Zulia halikulowa, lakini nani huangalia zulia?

Wiski ilipoanza kupungua, sir alianza kuwanusa. Kila alasiri kabla ya kazi walijipanga, wakampumulia usoni mmoja mmoja. Gerishom alikuwa safi. Aliyenuka alikuwa Lynette, mhudumu wa meza, mlokole ambaye hata soda ya tangawizi aliitilia shaka. Zabibu na mbao, waziwazi. Alilia, akaapa kwa jina la Yesu, na sir akamwambia akinuka tena, khalas, visa inafutwa na anarudi Kenya. Maskini, mamake alikuwa anasafishwa figo kila wiki kwa mshahara huo huo, na hakuwa na mtu mwingine.

Wenzake wakaanza kumteta, eti mlokole wa mchana. Gerishom alimpenda kimyakimya kwa muda mrefu, na hata yeye akamshuku. Iliuma. Basi mchana mmoja, baa ikiwa imefungwa na mapazia yameshushwa, alijificha stoo, akachungulia.

Lynette aliingia bila viatu, hakwenda kabatini wala hakugusa kitu, alisimama tu katikati ya zulia akiwa ameinua kidevu na kufumba macho, na Gerishom akasikia mtu akimeza, mara moja, kisha tena, mmezo mzito wa koo kubwa kuliko la msichana yule, na kila lilipomeza ile wiski nyekundu ndani ya chupa ilishuka kidogo, ikatulia, ikashuka tena, na harufu ya mapipa yaliyooza ikajaa chumbani mpaka akaziba pua. Alipomuuliza jioni, Lynette alisema mchana wote alikuwa amelala.

Kesho yake asubuhi Gerishom alipanda basi hadi Satwa, kwa Aidarus, mzee wa Kizanzibari, fundi cherehani aliyejulikana kwa kuwasomea dua watu wenye mashetani. Mzee alisikiliza huku akishona, mpaka habari ilipofika kwenye lile tone. Hapo akaacha kukanyaga cherehani.

"Wazee wako wamezikwa wapi, mwanangu?"

"Vihiga, mzee."

"Basi hapa Dubai ulimkaribisha nani?"

Aidarus akamweleza polepole kwamba jini aliyekaribishwa humwingia yeyote amtakaye, na hamwachi mpaka mwenye kumkaribisha amwite kwake mwenyewe. Akamsihi, akishamwita, aje Satwa siku hiyo hiyo asomewe, na asithubutu kusafiri naye popote.

Alasiri ile walijipanga tena. Sir alipomfikia Lynette, Gerishom alitazama zulia na kunong'ona, "Muache huyo. Niliyekuita ni mimi." Kitu cha baridi kikamteremka kooni. Lynette akapumua, sir akanusa, akanusa tena, hakupata kitu. Gerishom alipopumua, sir alirudi nyuma akishika pua.

Hakupewa hata nafasi ya kujitetea. Visa ikafutwa, wakampeleka kwa gari moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya wafanyakazi, mlinzi akawekwa mlangoni mpaka saa ya ndege ya kurudi Kenya. Aliomba aende Satwa kidogo tu. Mlinzi akakataa.

Jioni Lynette aliruhusiwa kumuaga. Alimshika mikono yote miwili, akalia, akasema sasa mamake atatibiwa, na kwamba hajui ni neno gani kubwa kuliko asante. Gerishom alifurahi, jamani, alifurahi kweli. Lynette akamuuliza kama watu wa nyumbani wanajua kwamba anarudi.

Gerishom akafungua mdomo kumjibu. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, yenye adabu.

"Na huko kwao," ikamuuliza Lynette, "wako wangapi?"