Ncha ya Gogo Namba 47

Walikutana katikati ya msongamano wa soko la Kitengela, Mwihaki akibembeleza wateja wanunue vigoda vyake, ovaroli imejaa vumbi la mbao na kitambaa chekundu kichwani. Kijana mrefu aliyevaa shuka juu ya jaketi ya jeans alichukua kigoda kimoja, akakigeuza chini juu.

"Sopa," alisalimia Kimaasai. "Hii mti ilitoka wapi?"

"Ipa. Unanunua ama wewe ni polisi?"

"Mimi ni Lesiamon. Natoa magogo ya mitamaiyo, mizeituni ya mwitu, kwa msitu yetu huko Kajiado, ile tu imeangushwa na upepo. Nikitaka kukuona tena?"

"Kuja na gogo. Maneno wachana nayo."

Alikuja na gogo. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi, mpenzi."

Lesiamon alimpa sharti moja tu. Kila gogo liligongwa namba kwenye ncha, na kisiki chake kule msituni kikabaki na namba hiyo hiyo, ushahidi kwamba mti haukuibwa. Ncha isikatwe mpaka kamati ya msitu ije kuiona. Lakini ncha za magogo hupasuka, na mkono wa fundi umezoea kuzikata kabla kichwa hakijawaza. Mwihaki akakata.

Jumanne asubuhi simu ikalia.

"Sweetie, kamati inakaa leo saa nane. Kuna mtu amekata miti mbichi, sasa kila mtu anaonyesha ncha zake. Namba 47 uko nayo?"

Bila ncha ile, Lesiamon angefukuzwa msituni na kupelekwa polisi kama mwizi. Hofu ndiyo iliyomjibia.

"Iko hapa."

"Ashe oleng, asante sana! Wacha niambie wazee unaileta."

Sasa Lesiamon angeonekana mwizi na mwongo pia, na uongo wenyewe haukuwa wake. Ncha ile Mwihaki alikuwa amempa jirani yake Mama Apondi, mpika chapati, iwe kuni. Tena tangu Alhamisi! Akatoka mbio.

"Mama Apondi, zile kuni nilikupea?"

"Ziliisha, mami. Ziliwaka vizuri sana."

Mwihaki alishika nguzo ya kibanda, machozi yakamjaa.

"Imebaki tu moja ilikataa kushika moto, ngumu kama roho ya landlord. Si ndio hii nimekalia?"

Mama akainuka. Nne ilionekana wazi. Namba ya pili ilikuwa imelambwa na moto.

Ndani ya Probox ya kwenda Kajiado, Mwihaki aliipakata ncha ile njia nzima, masizi yakimchafua mikono, akiomba Mungu kimoyomoyo. Wazee walikuwa wameketi nje ya ofisi ya kamati. Lesiamon alipoona kule kuungua, tabasamu lilimpotea.

Mwenyekiti, Mzee Ezra, alipitisha kidole gumba juu ya masizi mara moja. Akarudia.

"Nne," mzee alisema. Kidole kikaendelea kutafuta. "Na saba. Iko. Nyundo iligonga ndani sana, moto haikufika."

Lesiamon alimvuta Mwihaki kando.

"Uliniambia iko hapo."

"Haikuwa. Niliikata, nikaipeana kuni. Niliogopa utaniacha, ndio nikadanganya."

Lesiamon aliichukua ile ncha, akaipangusa masizi.

"Hata mimi niliogopa, Mwihaki. Nilikuwa naona tu pingu. Siku ingine ukiogopa niambie, tuogope wawili." Akamrudishia ncha. "Na hii usimpee mtu. Utaiweka kwa kitanda yetu."

"Yetu?"

"Nikuje kwenu lini kuona baba yako?"

Kamati nzima ilikuwa imetega masikio. Mwihaki alijifuta machozi kwa mkono wenye masizi, akajipaka weusi shavuni bila kujua.

"Jumamosi," alisema. "Na hiyo siku kuja na maneno. Gogo tayari niko nayo."