Kengele Iliyolia Mara Mbili

Kila asubuhi Kumba Jobe alinunua nusu mkate wenye maharage kwa mama mmoja kando ya barabara kuu ya Farafenni, akala huku akitembea, na kabla hajavuka lango la shule alikuwa keshatukanwa. Mtukanaji alikuwa Assan Njie, kiranja mkuu. Alimwambia kwamba kina Jobe huanza kula kabla jua halijapanda. Kumba naye alimjibu kwamba kina Njie ndio waliomaliza mchele wa Gambia nzima, na bado wanaiba wa jirani. Hakuna aliyenuna. Njie na Jobe ni watani tangu enzi za mababu, na matusi ya mtani hayana chuki ndani yake.

Alhamisi hiyo, hata hivyo, matusi yalikuwa machache. Bunge la wanafunzi lilikuwa linapiga kura ya kubadili katiba yake. Katiba yenyewe ilikuwa karatasi mbili zilizobandikwa ukutani, na ilisema kiranja mkuu akae mwaka mmoja tu. Assan na wenzake walitaka kifungu hicho kifutwe, ili akae mpaka amalize shule bila kupigiwa kura tena. Redioni wakubwa nao walikuwa wakivutana kuhusu katiba ya nchi na mihula ya rais, kwa hiyo wiki nzima hata watoto wa darasa la tatu walitembea na maneno makubwa mdomoni.

Assan hakuwa kiongozi mbovu. Ndiye aliyewasumbua walimu mpaka pampu ya maji ikatengenezwa. Lakini yeye pia ndiye aliyeandika orodha ya wasafisha vyoo, na marafiki zake hawakuwahi kuonekana humo hata siku moja. Mbassey Ceesay, mbunge wa darasa la saba na rafiki wa Kumba wa dawati moja, alimpinga mbele ya watu mara moja tu. Sasa hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu mfululizo ya kusugua vyoo.

Wabunge walikuwa ishirini, na katiba isingebadilishwa mpaka zipatikane kura kumi na tano. Walipiga kura kama wazazi wao wanavyopiga, kwa gololi badala ya karatasi, moja kwa kila mbunge. Nyuma ya pazia yaliwekwa madebe mawili, la kijani la ndiyo na jekundu la hapana. Kila debe lilikuwa na kengele ndogo ndani na mchanga chini, ili gololi ikishagonga kengele itue kimya. Baiskeli zote ziliachwa nje ya uzio, kengele zake zisije zikawachanganya watu. Kumba hakuwa mbunge. Yeye alichaguliwa kuwa msikilizaji: mtu mmoja, mlio mmoja, alama moja kwenye karatasi.

Wa kumi na mbili alikuwa Mbassey. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka, na Kumba hakusikia kitu. Alimtazama rafiki yake, lakini Mbassey alipita akiangalia sakafu, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na Assan. Labda nimepitiwa, Kumba alijiambia. Aliona haya kumsimamisha rafiki yake mbele ya watu. Akaweka alama, na Mwalimu Darboe, mama mnene asiyependa kelele, akaita jina lililofuata.

Assan alipiga kura wa mwisho. Kengele ikalia. Ikalia tena, haraka.

"Imelia mara mbili," Kumba alisema.

Assan alitoka nyuma ya pazia akitabasamu. "Mtani wangu ana njaa, Mwalimu. Hilo ni tumbo lake."

Chumba kizima kilicheka. Kumba akasema kwa sauti zaidi, "Njie, umeiba kura," na kicheko kikazidi, maana hakuna kitu ambacho hakuwa amemsingizia Njie kuiba mwaka ule. Mbunge mmoja alipiga meza kwa viganja. Hata Mwalimu Darboe alifunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa.

Madebe yakamwagwa mezani. Kijani, kumi na tano. Jekundu, tano. Mwalimu alizihesabu tena, akasema gololi ni ishirini kamili, hakuna iliyozidi, na alama kwenye karatasi ya msikilizaji ni ishirini vilevile. Marafiki wa Assan walianza kumpa mkono.

Hapo Kumba akaelewa. Gololi ya Mbassey haikuingia debeni. Ilipita benchini, ikaingia mkononi mwa Assan. Na kilichoificha ni ile alama ya kumi na mbili aliyoiweka yeye mwenyewe. Akisema, itabidi akiri kwamba ameandika uongo, na amchongee rafiki yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na Assan atakuwa na ile orodha ya vyoo mkononi hadi siku ya kuondoka shuleni. Aliogopa vyote viwili.

Mwalimu alichukua kalamu ili afute kifungu. Kumba akasimama.

"Kaka Assan," alisema.

Watu waligeuka. Assan alikuwa amemzidi Kumba miaka miwili, lakini tangu lini Jobe akamwita Njie kaka? Tabasamu la Assan lilififia.

"Leo sitanii," Kumba alisema. "Mwalimu, kosa la kwanza ni langu. Mbunge wa kumi na mbili aliingia na kengele haikulia. Nikaweka alama ya uongo, kwa sababu ni rafiki yangu. Kaka Assan alipoingia, ikalia mara mbili. Ndiyo maana hesabu imetimia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mbassey aliinuka kabla hajaitwa, machozi yanamtiririka, akanyoosha viganja vilivyochubuka. "Alisema nikimpa gololi yangu atanitoa kwenye orodha ya vyoo. Ile dawa ya kusafishia inaniunguza, Mwalimu. Nilichoka."

Assan alikana mara moja, kisha akashindwa kukana mara ya pili. Alisema alihesabu watu wake, akaona itapungua kura moja tu. Alisema pia kwamba aliogopa, akiondoka yeye, pampu itaharibika tena na hakuna atakayejali.

Mwalimu Darboe aliifuta kura ile, akaamuru irudiwe. Alimwondoa Kumba kwenye kiti cha usikilizaji, akamweka mwingine, na Kumba akasimama ukutani bila kulalamika. Kengele ililia mara ishirini, moja kwa kila mtu. Ndiyo zilikuwa kumi na moja. Kifungu kikabaki kama kilivyoandikwa. Assan alipewa vyoo vya wiki tatu, na orodha ya wasafishaji ikaanza siku hiyo kusomwa bungeni mbele ya wote.

"Assan, maji ulituletea, na hatutasahau," Mwalimu alisema. "Lakini aliyetuletea maji naye lazima aturudie kila mwaka kutuuliza kama bado tunamtaka. Mbassey, kura yako si ya kumpa mtu, hata akikutesa. Akikutesa, njoo useme. Na ninyi nyote, hii katiba ni karatasi tu. Haiwezi kusimama ikasema imevunjwa. Inahitaji mtu wa kuisemea, hata kama mtu huyo amekosea, na hata kama anachekwa."

Kisha akamgeukia Kumba. "Nami ni miongoni mwa waliokucheka. Ulisema kweli, nikakucheka. Nisamehe, mwanangu."

Kumba, aliyejikaza tangu alipochekwa, akaziba uso kwa mikono miwili na kulia.