Ubao Mtupu wa Lindengrube

Jumanne ile ilianza na ugomvi wa haradali. Saa tatu asubuhi, kama kawaida yetu, mafundi tulikaa kwenye ngazi za stesheni ya Lindengrube, hapa Munich, tukimenya soseji nyeupe. Mdogo wangu Alois alikuwa ameimaliza haradali tamu yote.

"Tumbo lako pipa," nikamwambia.

"Na mdomo wako kipaza sauti, dada. Kula."

Treni za chini ya ardhi zilisimamishwa wiki sita ili stesheni ipanuliwe. Mimi ni mpimaji, na ramani ya mwaka sitini na nane nilikuwa nayo mkononi. Juu ni ukumbi wa tiketi, chini yake jukwaa la abiria. Lakini ramani ilionyesha majukwaa mawili, na ngazi za kaskazini zenye vidato sitini. Mimi nilihesabu thelathini na vinne tu, kisha ukuta wa zege. Kazi ya Alois ilikuwa kuuvunja.

Nilijua nani aliuweka. Babu yetu Ignaz, msimamizi wa wachimbaji. Kwetu kila anayeingia chini hutundika kibao chake cha shaba kwenye ubao wa mlangoni, akitoka hukichukua. Ubao ukiwa mtupu, chini hakuna mtu. Na sanamu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, hutolewa mwisho kabisa. Siku ya kuziba ngazi zile, sherehe ya ufunguzi ilikuwa imekaribia na babu alikuwa na haraka. Vibao sita bado vilining'inia. Akajiambia wenyewe wamevisahau, akavitia mfukoni, akambeba Barbara, akaamuru zege limiminwe. Aliniungamia mimi peke yangu, siku chache kabla hajafa, nami nilimweleza Alois tu. Barbara yuko jikoni kwangu. Vile vibao hatukuviona kamwe.

"Alois, ukuta huo usiuguse," nikamnong'oneza. "Kuna watu."

"Kuna mifupa, dada. Tuitoe, tuizike, yaishe. Au unataka wakae humo milele?"

 Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Akatundika kibao chake, namba kumi na nne. Nami nikatundika changu. Tukashuka.

Nyundo ya umeme ilipotoboa zege, harufu ilitoka. Si ya uozo. Ni jasho bichi, la watu wanaofanya kazi. Alois akazima nyundo. Kukagongwa kutoka ndani. Mara sita.

"Nani?" akanong'ona.

Mkono ukatoka tunduni. Mkavu, kucha zimelika kwa kukwaruza. Ukamkaba koo. Mwingine ukamshika nywele. Wakamvuta. Tundu lenyewe halikuzidi sahani. Bega likavunjika, nikalisikia. Kisha mbavu, moja moja. Damu ikaniruka usoni. Nikamng'ang'ania miguu, nikaipiga mikono ile kwa patasi.

"Siyo yeye! Ni babu! Ni babu!"

Hawakujali.

"Dada, vuta!"

Nikavuta. Mungu wangu, nilivuta! Kiatu kikabaki mikononi mwangu.

Nikapanda mbio kumwita Korbinian, mlinzi wa ubao. Tuliporudi, ukuta ulikuwa mzima. Tundu hakuna, wala kiatu nilichokiacha hapo. Damu ilikuwa nguoni mwangu tu.

Korbinian akaenda kuutazama ubao wake. "Namba kumi na nne haipo, Vroni. Mdogo wako ametoka."

"Hajatoka! Yumo humo ndani!"

"Ubao ndio unaosema, mama. Wewe umejikata wapi?"

Polisi nao waliuliza ubao. Wakubwa wa kazi waliuliza ubao. Wakaona ukuta una nyufa nyembamba, wakaacha kuuvunja, wakapanga uongezewe zege Ijumaa.

Jioni nikaingia jikoni. Shingoni mwa Barbara vilining'inia vibao saba. Sita vyeusi kwa kutu. Cha saba kiling'aa, namba kumi na nne. Nikakishika. Kilikuwa na joto, kama kimetoka kiganjani mwa mtu.

Nikakimbia nacho stesheni, nikakitundika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, wajue yumo. Korbinian akakitoa taratibu, akakitia mfukoni.

"Alikisahau tu," akasema.

Ijumaa wakamimina zege.

Kibao kimerudi jikoni, shingoni mwa Barbara. Sijui nani alikileta. Ni mwaka wa tatu sasa, na bado hakijapoa.