Kikopo cha Buluu

Kila Jumamosi asubuhi, mama mmoja fundi cherehani, wa miaka arobaini na saba, alikimbia kilomita kumi kabla ya kufungua duka lake. Binti yake wa darasa la sita alimfuata kwa baiskeli, amebeba chupa ya maji. Kikohozi cha mama alishakizoea. Kicheko cha fundi viatu wa mtaa wao ndicho kilichomkaa rohoni.

Katika mbio za mtaa za mwaka uliopita, mama alisimama karibu na mwisho, kifua kikipiga mluzi. Fundi viatu, rika lake kabisa, alimpita akipaza sauti, "Cherehani imekwama! Itieni mafuta!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mtaa ukampachika jina la Cherehani Mbovu. Mama alienda zahanati, akapimwa, akaambiwa ana pumu na kupewa dawa. Binti aliapa kimoyomoyo: huyu mzee atanitambua!

Mwaka huu watoto wa wakimbiaji walipewa kazi ya kulinda mabegi. Begi la fundi viatu lilikuwa wazi. Ndani ya soksi kuukuu, binti aliona kikopo cha buluu cha kuvuta dawa ya pumu, kama kile cha mama. Kumbe! Damu ilimchemka. Mgonjwa mwenyewe, halafu anamcheka mgonjwa mwenzake! Akakichomoa na kukitia mfukoni.

Kabla ya filimbi, fundi viatu alikuja, akapekua begi, akapekua tena.

"Umepoteza kitu, mjomba?" binti aliuliza kwa upole wa kinafiki.

"Aa, hapana," alijibu haraka, akitazama pembeni. Angesema, watu wangejua ana pumu. Basi akaenda kukimbia hivyo hivyo.

Baada ya saa mbili alitokea uwanjani akiyumba. Kifua kilipiga mluzi. Binti alichekelea. Oyaa, na hii itieni mafuta! Kisha mzee akapiga magoti, midomo imebadilika rangi, neno halitoki. Kicheko kikamkauka binti.

Mama, aliyekuwa akikimbia nyuma yake, hakumpita. Mluzi ule wa pumu aliujua; alimkalisha wima na kupiga kelele, "Dawa! Angalieni begini mwake!"

Binti alikimbia mbio ambazo hajawahi kukimbia. "Ninayo mimi, mama! Niliichukua!"

Mzee alivuta dawa, akapumzika, akavuta tena. Taratibu pumzi ikarudi. Muuguzi wa mbio akampima, akasema sasa anaweza kutembea polepole. Binti alilia, akaomba radhi mbele ya watu wote.

"Nilimcheka mama yako ili nisishukiwe mimi," fundi viatu alisema kwa sauti dhaifu, kisha akamtazama mama. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ila kesho twende zahanati, na dawa usiifiche tena," mama alijibu. Kisha akamgeukia bintiye. "Hasira yako naijua, hata mimi niliumia. Lakini aliyekukosea halipizwi kisasi kwa uhai wake. Mtu akikucheka, mwambie usoni, au niambie mimi. Pumzi ya mtu haichezewi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya, mshike mkono mjomba wako. Tunamaliza wote watatu, kwa kutembea."